Taa ya Nyumba Iliyofungwa Nani Ailipie?

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Kila ifikapo Desemba, mabasi ya kwenda Moshi, Same, Bukoba na Mbeya hujaa mpaka watu wakakosa nafasi. Watu wanakwenda nyumbani. Mjini wamepanga vyumba viwili, lakini kijijini kila mmoja, kwa kadiri alivyojaliwa, amejenga nyumba yake, ameiezeka bati, ameiwekea vioo na kuivutia umeme. Nyumba hiyo imefungwa tangu Januari. Popo wamehamia darini, na mtu pekee anayeikumbuka ni shangazi wa jirani anayepita mara moja moja kufagia uwanja.

Siku ya kuifungua ndiyo siku ya ugomvi wa umeme. Wengi wetu tunaikumbuka miaka ile ya kabla ya 2016, wakati mteja wa kawaida wa nyumbani alipokuwa akitozwa shilingi 5,520 kila mwezi kwa ajili ya huduma, awe ametumia umeme au hakutumia. Mwenye nyumba anashuka kwenye basi, ananunua LUKU kwa fedha nzuri tu, anamtuma mpwa wake akaingize namba. Mpwa anarudi amekunja uso: "Mjomba, mbona uniti zenyewe ni chache hivi?" Kumbe tozo za miezi yote ambayo mjomba alikuwa mjini zimekatwa kwanza. Na mjomba anapandisha sauti: "Mimi sikuwepo! Sikuwasha hata taa moja. Mnanitoza nini?"

Swali la mjomba ni swali zuri, na si la kwetu peke yetu. Iko nchi moja ya Ulaya ya kaskazini ambako swali hilo limewagombanisha watu kwa miaka kadhaa, likafika bungeni, likaamuliwa hivi, kisha likaamuliwa vile. Nchi hiyo ni Norway. Leo napenda tuitembelee, kwa sababu mara nyingine mtu huliona vizuri tatizo lake akilitazama kwenye uwanja wa jirani.

Norway ina watu wapatao milioni tano na nusu. Lakini mbali na nyumba wanazoishi, wana nyumba za mapumziko zaidi ya 400,000, milimani, misituni na kando ya bahari. Wenyewe huiita nyumba ya namna hiyo "hytte". Tungeweza kusema nyumba ndogo, lakini nikisema nyumba ndogo najua baadhi yenu mtacheka, na kina mama watazima redio. Basi tuseme kibanda cha mapumziko. Familia huenda huko mwisho wa juma, wakati wa likizo ya kiangazi, na zaidi ya yote wakati wa Pasaka, ambapo karibu kila mwenye kibanda cha mlimani anakwenda kuteleza juu ya theluji. Siku nyingine zote kibanda kimefungwa. Ziko wilaya za milimani, kama ile ya Trysil, ambako vibanda ni vingi kuliko nyumba za wenyeji wanaoishi hapo mwaka mzima.

Tusidhani kwamba kila mwenye kibanda ni tajiri. Vibanda vingi vya zamani vilijengwa kwa mikono ya babu, kwa mbao, vikawa na jiko la kuni, taa ya mafuta, maji ya kuchota kisimani na choo cha nje. Mwalimu aliyestaafu, fundi bomba, muuguzi, wote unaweza kuwakuta na kibanda walichorithi. Kwa upande mwingine, katika miaka ya karibuni vimejengwa vibanda ambavyo ukiviona utasema ni hoteli: sakafu zinazopashwa joto kwa umeme, bafu za maji moto zilizowekwa nje kwenye theluji, na sehemu ya kuchajia motokaa. Kwa jina vyote ni vibanda. Kwa matumizi ya umeme, kimoja ni mbuzi na kingine ni tembo.

Sasa tuuangalie umeme wenyewe. Norway inapata karibu sehemu tisa kwa kumi za umeme wake kutokana na maji yanayoanguka milimani. Kwa muda mrefu umeme ulikuwa rahisi mno kiasi kwamba watu walipasha joto nyumba zao kwa umeme, jambo ambalo katika nchi nyingi za baridi lingekuwa anasa. Sheria ya nishati iliyoanza kutumika 1991 iliuingiza umeme sokoni: ununuliwe na kuuzwa kama bidhaa nyingine, bei ikipanda na kushuka kufuatana na mvua, baridi na mahitaji. Nchi imegawanywa katika maeneo matano ya bei, na nyaya za chini ya bahari zinaiunganisha na majirani zake. Waya wa kwenda Ujerumani ulianza kazi rasmi 2021, na ule wa kwenda Uingereza ukafuata mwaka huo huo.

Mwaka 2020 mvua na theluji zilikuwa nyingi, na bei ya soko kusini mwa Norway ilikuwa wastani wa senti 10 hivi kwa uniti, senti 100 zikiwa krona moja. Kisha mambo yakageuka. Gesi ikawa ghali Ulaya yote kuanzia 2021. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na gesi ya Urusi ikapungua sana. Mwaka huo huo mabwawa ya kusini mwa Norway yakawa na maji machache kuliko kawaida. Bei ya Ulaya ikaingia kwa kupitia nyaya zile. Desemba 2022, katikati ya baridi, wastani wa bei ya soko kusini ulipita krona 2 kwa uniti. Na wakati kusini walikuwa wakilia, kaskazini ya mbali, ambako maji ni mengi na nyaya za kupeleka umeme kusini hazitoshi, bei katika sehemu kubwa ya mwaka ule ilikuwa ndogo mno. Nchi moja, bendera moja, lakini uniti ya huku haikufanana na uniti ya kule.

Tufanye hesabu kidogo, msikilizaji. Uwe na kalamu kama unayo.

Chukua kibanda kimoja cha kusini. Mwenyewe hayupo. Lakini kibanda hicho kina mabomba ya maji, na maji yakiganda ndani ya bomba, bomba hupasuka. Njia ya zamani ni kuyamwaga maji yote kabla ya kufunga mlango. Njia ya siku hizi ni kuacha hita ikiwaka kidogo. Hita ya wati 1,000 ikiwaka usiku na mchana inakula uniti 24 kwa siku, yaani 720 kwa mwezi wa siku 30. Kwa bei ya 2020, bila kodi na bila gharama za njia ya umeme, hiyo ni krona 72. Kwa krona 2, ni krona 1,440. Hita ile ile, kibanda kile kile, mwenyewe hayupo, na bei imekuwa mara ishirini.

Serikali ya Norway haikukaa kimya. Tangu Desemba 2021 ililipa sehemu ya bei kwa ajili ya wananchi. Mwisho wa 2022 utaratibu ulikuwa hivi: bei ikipita senti 70, serikali inalipa asilimia 90 ya kile kilichozidi, mpaka uniti 5,000 kwa mwezi. Lakini msaada huo ulikuwa wa nyumba za kuishi tu. Vibanda viliachwa nje. Maana yake, katika mfano wetu, mtu aliyetumia uniti 720 nyumbani kwake angelipa kama krona 598 baada ya msaada, na mwenye kibanda, kwa uniti hizo hizo, angelipa 1,440 zote.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wenye vibanda walisema: maji haya ni mali ya taifa zima, mito ni yetu sote, na umeme wetu ni wa rasilimali ambayo babu zetu waliijengea mabwawa. Iweje bei ya Ulaya itukamue milimani, wakati serikali yenyewe, inayomiliki sehemu kubwa ya mitambo, inavuna faida ya bei hiyo hiyo? Na iweje mstaafu mwenye chumba kimoja cha mbao atendewe kama tajiri mwenye jumba?

Wengine wakajibu: nyumba ya kuishi ni lazima, kibanda ni hiari. Anayepanga chumba mjini na hana kibanda, kwa nini kodi yake ipashe joto sakafu ya mtu ambaye hayupo? Kama umeme umekuwa ghali, mwaga maji, zima hita, funga mlango, kama babu yako alivyofanya.

Ukiwasikiliza wote wawili, utaona kila mmoja ana haki kidogo. Lakini wote wawili walikuwa wakizungumzia mguu mmoja tu wa bili ya umeme, na bili ina miguu miwili.

Mguu wa kwanza ni umeme wenyewe, uniti unazotumia. Mguu wa pili ni njia: nguzo, nyaya, transfoma, na mafundi wanaopanda nguzo usiku wa dhoruba. Uniti usipozitumia hazina gharama kwako. Lakini njia haiwezi kukunjwa kama mkeka ukaenda nayo mjini. Inabaki pale. Theluji inaianguka, miti inaiangukia, kutu inaila, uwepo usiwepo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika mambo ya umeme, asiyekuwepo lake lipo: nguzo yake ipo.

Na kuna jambo zito zaidi. Njia ya umeme haijengwi kwa kufuata matumizi ya wastani. Inajengwa kwa kufuata siku ambayo watu wote wamewasha kwa pamoja. Kule milimani, siku hiyo ni ya Pasaka, au ya likizo ya majira ya baridi. Vibanda elfu kadhaa vinafunguliwa jioni moja, kila kimoja kikiwa baridi kama kaburi, na kila mwenye nyumba anafungulia hita zote kwa mara moja. Transfoma lazima ihimili jioni hiyo, ingawa kwa miezi mingine itakaa karibu bure. Kwa hiyo mtu anayetumia umeme siku 20 tu kwa mwaka anaweza kuisababishia njia gharama sawa na anayetumia siku 365, na pengine kumzidi, kama siku zake 20 ndizo siku za kila mtu.

Ndiyo sababu tangu Julai 2022 Norway ilibadili namna ya kutoza gharama za njia. Mteja analipa sehemu moja kwa uniti, na sehemu nyingine kwa kufuata saa zake za matumizi makubwa katika mwezi. Utaratibu unaotumika zaidi ni kuchukua saa tatu za juu, kila moja katika siku yake, na kutafuta wastani wake. Mwenye kuwasha oveni, hita zote, bafu la moto na kuchaji motokaa katika saa moja anapanda daraja. Mwenye kuwasha kimoja kimoja, kwa zamu, anabaki chini. Kwa mwenye kibanda hili lina uchungu wake, kwa kuwa yeye huja na kuwasha vyote. Lakini ni uchungu wenye haki ndani yake, na unamwachia jambo la kufanya: anaweza kuwasha jiko la kuni kwanza, ahesabu, asubiri.

Mambo hayakuishia hapo. Mwanzoni mwa 2025 suala la umeme na masharti ya Umoja wa Ulaya lilisaidia kuivunja serikali ya mseto: chama cha Senterpartiet kilijitoa, na Waziri Mkuu Jonas Gahr Støre akabaki kutawala na chama chake cha Labour. Serikali yake ikatangaza bei moja maalumu, ambayo mteja anaweza kuichagua: senti 40 kwa uniti bila kodi ya ongezeko la thamani, au senti 50 pamoja nayo. Ilianza Oktoba 1, 2025, na kipindi chake cha kwanza kikawekwa mpaka mwisho wa 2026. Na safari hii vibanda viliingizwa. Nyumba ya kuishi ilipewa kikomo cha uniti 5,000 kwa mwezi, na kibanda uniti 1,000.

Rudi kwenye hita yetu. Uniti 720 kwa senti 40 ni krona 288. Mstaafu wetu amepumua. Na yule mwenye jumba la mlimani, akitumia uniti 3,000 kwa mwezi, elfu moja anapata kwa bei hiyo, na elfu mbili zinazobaki atakutana nazo sokoni. Katika hilo naona busara. Kikomo kimefanya kile ambacho jina la "kibanda" halikuweza kufanya: kumtenganisha mbuzi na tembo.

Lakini, ndugu msikilizaji, nisingekuwa mkweli kama ningekuacha ukidhani mambo yamekwisha vizuri. Bei iliyopunguzwa haipotei hewani. Kuna mtu anayeilipa. Soko likiwa chini ya senti 40, aliyechagua bei ile ataendelea kulipa 40, na tofauti inakwenda serikalini. Soko likiwa krona 2, serikali inalipa krona moja na senti 60 kwa kila uniti. Nani ni serikali? Ni walipa kodi wote, pamoja na yule aliyepanga chumba mjini na ambaye hajawahi kuwa na kibanda. Wataalamu wa uchumi na wa gridi walionya pia kwamba mtu mwenye bei isiyobadilika hana sababu ya kuzima hita siku ambayo mabwawa yanakauka. Mwaka wa ukame, mtu huyo hasikii ukame. Na umeme ambao hakuuokoa, mwenzake ataununua kwa bei ya juu zaidi.

Sasa turudi nyumbani, kwa mjomba wetu na uniti zake chache.

Sisi na Norway hatuko mbali sana kama ramani inavyoonyesha. Kituo cha New Pangani Falls, cha megawati 68, kilichojengwa katika miaka ya 1990, kilipata fedha kutoka Finland, Norway na Sweden. Na sisi kama wao tumeutegemea mto, tukaujua ukame. Kilio cha mjomba nacho kilisikika: Aprili 2016 mamlaka ya udhibiti, EWURA, iliiondoa ile tozo ya shilingi 5,520 kwa mwezi. Mwenye nyumba iliyofungwa akashukuru. Tangu siku hiyo akiondoka Januari, hadaiwi gharama ya njia mpaka atakaporudi.

Ni uamuzi uliowasaidia wengi, na hasa mnyonge aliyekuwa akinunua umeme wa elfu mbili tatu na kukuta tozo imeumeza. Mimi sitaki irudishwe. Lakini tuulize lile swali la Norway: nguzo iliyo mbele ya nyumba ya mjomba sasa inalipiwa na nani? Haikuacha kuoza na kubadilishwa. Kama hailipiwi kwa mwezi, basi inalipiwa ndani ya bei ya uniti. Na anayenunua uniti mwaka mzima ni nani? Ni mama mwenye friji ya maji baridi pale stendi ya kijiji. Ni kinyozi. Ni fundi wa kuchomelea. Ni shangazi yule anayefagia uwanja wa mjomba, ambaye taa yake inawaka kila usiku. Mjomba akija Desemba na kuwasha friji, runinga, pasi na muziki wa sikukuu, anaikuta njia imetunzwa. Waliotangulia kuitunza ni wao.

Tena katika bei zilizotangazwa 2016, mteja mdogo wa nyumbani, ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, wakati wa kawaida aliwekewa 292. Nafuu hiyo ilikusudiwa maskini. Lakini mita haijui maskini. Inajua uniti tu. Nyumba ya vyumba vitano iliyofungwa miezi kumi na moja ina matumizi madogo kama kibanda cha udongo chenye taa mbili. Ukitazama karatasi peke yake, mwenye kukosa na mwenye kutokuwepo wanafanana. Hapo Wanorway wametuzidi jambo moja. Waliandika wazi kwamba nyumba ya kuishi ni kitu kimoja na nyumba ya mapumziko ni kitu kingine, wakaipa kila moja kipimo chake, kisha wakagombana hadharani juu ya kipimo hicho.

Simshambulii mjomba. Nyumba yake ya kijijini si anasa kama bafu la moto kwenye theluji. Ndiko atakakozeekea, ndiko watakakomzika. Kuijenga ni heshima, na kuivutia umeme kumesaidia nguzo zifike hata kwa jirani. Ninachosema ni kwamba kilio cha "sikuwepo" hakitoshi kuwa hoja. Mwenye nyumba ya msimu ana haki ya kudai asitozwe uniti ambazo hakutumia. Ana haki ya kudai bili inayosomeka, inayotenganisha umeme na njia. Lakini hana haki ya kudai njia isimame bure ikimngoja.

Kwa hiyo mwaka huu, utakapofungua mlango, ukakung'uta vumbi, ukaingiza namba za LUKU na taa ikawaka mara moja, kabla hujalalamika juu ya bei, toka nje kidogo uitazame ile nguzo. Jiulize ni nani waliokuwa wakiilipia tangu Januari. Kisha, kama unaweza, mpelekee shangazi yule uniti kumi.